Jezi Namba Mbili ya Kabumbe

Jumatatu, 4 Machi 2024

Ibrahim alikuja asubuhi na daftari hili, jipya, la kurasa mia. Anataka niandike historia ya klabu yetu ya raga, kwa sababu mwezi wa Juni itatimiza miaka arobaini na mitano, na waliokuwako siku ya kwanza tumebaki wawili: mimi na mlingoti wa goli. Huo ni mzaha wake. Tulicheka, kisha nikakohoa mpaka Laure akaja kunishika mgongo.

Ibrahim ni mwenyekiti wa klabu. Anauza vitenge, ukoo wake uliingia Uvira na biashara ya ziwa enzi za mababu. Mimi nilikuwa katibu wa klabu kwa miaka thelathini na minne, na mwalimu wa sekondari kwa muda mrefu zaidi ya huo. Sasa nina miaka sabini na minne, miguu imevimba, moyo umechoka, na daktari alipomaliza kunipima alimwita Laure nje ya mlango. Laure ni binti yangu. Anauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni na jioni ananiogesha.

Historia nitaianzia nyuma ya daftari. Mbele nitaandika siku zangu, ili mkono uzoee.

Kutoka dirishani naona uwanja. Ziwa limepanda tena mwaka huu na maji yamefika kwenye mlingoti wa mashariki. Tuliupaka michirizi ya rangi ya kijani na nyeupe, kila mmoja urefu wa mkono, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole. Leo maji yako katikati ya mchirizi wa kwanza.

Akiaga, Ibrahim alisema nisiache kueleza habari ya namba mbili, vijana wanaiuliza. Klabu yetu haina jezi namba mbili. Mchezaji wa nafasi hiyo huvaa kumi na sita, na timu za wageni hutucheka. Ni tangu kifo cha Halidi, kaka mkubwa wa Ibrahim, mwaka 1987. Nikasema nitaeleza.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Sikuandika kitu.

Jumatatu, 11 Machi

Kurasa za nyuma zimeanza kujaa. Nimeandika jinsi Bruda Anselme, mwalimu wa hesabu kutoka kusini mwa Ufaransa, alivyoshuka bandarini Kalundu mwaka 1979 na mipira miwili yenye umbo la yai, na jinsi mama mmoja alivyouliza ni kuku gani ataiatamia. Mpaka leo wazee wanauita mchezo wetu balo ya yai. Wavuvi ndio walioitwa kwanza, kwa ajili ya mabega yao. Wakafuata wana wa wakulima wa bondeni, vijana Waislamu wa mjini, na wachungaji wawili wa ng'ombe kutoka Rurambo waliokimbia peku na kutuacha sote.

Nimeandika pia juu ya Marie-Rose. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kike, Nicole, nasi tulimwita Mama Nicole. Sheria ya Bruda ilikuwa kwamba jezi ni za klabu, si za mchezaji. Hakuna aliyelala na jezi nyumbani. Zote kumi na tano alizifua yeye ziwani, akazianika juu ya mawe, akazikunja kwa kufuata namba. Siku ya mchezo alitukabidhi moja moja, kwa mikono miwili. Kati ya Jumapili na Jumamosi hakuna mwingine aliyezigusa. Tuliipenda desturi hiyo. Ndiyo iliyomponza.

Nilipofika hapo nikafunga daftari.

Ijumaa, 15 Machi

Mchirizi wa kwanza umezama wote. Laure anasema nyumba tatu za chini zimehamwa.

Ijumaa, 22 Machi

Leo Nicole amekuja.

Sikumtambua. Alipofukuzwa hapa alikuwa na miaka minane, sasa nywele zake zina mvi. Ametoka Lemera, juu milimani, nusu ya njia kwa miguu, nusu kwa pikipiki, na matope yalimfika magotini. Laure alimpa kiti, akakataa, akakaa kwenye kizingiti.

Mama yake yu hai. Mimi nilikuwa nimejiaminisha kwamba alikwisha kufa zamani, na sikuwahi kuuliza. Anaumwa tumbo, hali chakula, na ameomba jambo moja: azikwe hapa Kabumbe, kando ya mume wake, katika makaburi ya ufukweni. Nicole alianzia kwa chifu. Chifu akasema jambo hilo haliko mikononi mwake. Ndugu wa Halidi wakikubali, naye atakubali. Akaenda kwa Ibrahim. Ibrahim, akiwa na saumu yake, alimsikiliza amesimama, kisha akasema kwamba mwanamke aliyemuua kaka yake hatarudi Kabumbe, akiwa mzima au akiwa maiti, maadamu yeye Ibrahim anapumua.

"Mama alisema niende kwa Ibrahim kwanza," Nicole akaniambia. "Akikatala, nikuje kwako."

"Kwangu? Mimi si ndugu wa Halidi."

"Alisema Mwalimu iko anajua ya kusema."

Nikamwambia nitazungumza na Ibrahim. Akauliza lini. Nikasema nikipata nguvu. Akaitazama miguu yangu muda mrefu.

"Mama naye iko anangojea nguvu," akasema, akaondoka kabla mvua haijarudi.

Jumamosi, 23 Machi

Niandike basi, na niandike huku mbele.

Jumamosi tarehe 6 Juni 1987 tulicheza na wanafunzi wa Bujumbura. Walikuja na basi, wakiwa na viatu, na kocha mwenye saa ya kusimamisha. Zilipobaki dakika chache walikuwa na pointi kumi, sisi tisa. Mwamuzi akaamuru mele karibu na mstari wao.

Kwa asiyejua: mele ni wanane kwa wanane, wanainama, wanafungana mabega, wanasukumana kama ng'ombe wawili njiani. Mbele kuna watatu. Yule wa kati ndiye namba mbili. Mikono yake imetandazwa juu ya mabega ya wenzake wawili, naye ananing'inia katikati yao. Akianguka hana mkono wa kujikinga. Uhai wake umeshikwa na wale wawili. Siku hiyo wa kati alikuwa Halidi. Kulia kwake Jean-Marie, namba tatu. Kushoto mimi, namba moja, kapteni.

Katika rejista ya klabu niliandika hivi kwa mkono wangu: Halidi aliteleza. Hakuteleza.

Katika kitabu kimoja cha Bruda nilisoma kwamba mele ikianguka karibu na mstari, mara nyingi mwamuzi huwaadhibu wanaolinda. Bruda alitukataza hila hiyo, lakini alikuwa amerudi kwao mwaka 1984. Jumatano ya wiki ile nilifanya mazoezi na Jean-Marie. Nikisema "sasa", tunaachia pamoja na kuwaburuta wapinzani chini. Wa kati anajua mapema, anatoa mikono, anainua uso. Siku hiyo Halidi hakuwapo, alikuwa Kalemie na mzigo wa baba yake. Alirudi Jumamosi asubuhi. Ilikuwa kazi yangu kumwambia. Nilikaa naye, nikamchua bega lake bovu, tukanywa chai. Sikumwambia, kwa kuwa nilijua atakataa. Halidi alikuwa mtu wa kumrudishia mwamuzi mpira akisema, hapana, nimekosea mimi.

Nilisema "sasa". Nikaachia. Jean-Marie akaachia.

Filimbi ikalia, mwamuzi akawaadhibu Bujumbura. Mpira wa adhabu, wa pointi tatu, ukapigwa wakati Halidi amelala kifudifudi na watu wanadhani anapumzika. Tukashinda kumi na mbili kwa kumi. Hicho ndicho kikombe pekee tulichowahi kupata, na kiko dukani kwa Ibrahim, rafu ya juu ya vitenge.

Tulipomgeuza, Halidi aliuliza nani amemkalia miguu. Hakuna aliyemkalia.

Jumapili nilimkuta hospitalini. Kuanzia shingoni kwenda chini hakuna kilichosogea, lakini alizungumza. Alisema, "Nisamehe Mwalimu, sikukushika vizuri." Nikamwambia asijali. Akafa Jumatatu asubuhi, akazikwa siku ile ile.

Baada ya maziko watu walikwenda kwa Mama Nicole, wakasema ameweka kitu ndani ya jezi namba mbili, kwa kuwa nani mwingine aliigusa? Walichoma nyumba yake. Akapanda milimani na mtoto wake. Mimi nilikuwa nyumbani, nimelala na homa.

Jean-Marie alifariki mwaka 2011, hakusema. Nimebaki mimi.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Padri alipita na komunyo ya wagonjwa. Nilimwambia nimetapika, siwezi kupokea. Sikuwa nimetapika. Maji yako kwenye mchirizi wa pili.

Ijumaa, 5 Aprili

Miguu inavuja maji. Laure ameifunga vitambaa.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Ibrahim alileta pilau mwenyewe, amevaa kanzu mpya, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri. Alikaa, akanikatia nyama kwa vidole vyake kwa kuwa meno yangu hayafai. Akaniambia kwamba mama yao, hadi alipofariki, kila Idi alipakua sahani ya Halidi, kisha akaipeleka kwa mpita njia wa kwanza.

Nikafungua mdomo. Nikasema pilau ni tamu.

Ndipo akamtaja Nicole. Amesikia kwamba alifika kwangu. Akasema nisimhurumie, huruma ya wazee inajulikana, lakini uchawi hauzeeki. "Na weye Mwalimu ndiye ulitufungua macho," akasema. "Sisi tulikuwa tunalia tu."

Laure alikuwa mlangoni na birika. Alinitazama.

Alhamisi, 11 Aprili

Alilosema Ibrahim ni kweli, nami nililiruka tarehe 23.

Siku ya maziko, kabla hawajakwenda kwa Mama Nicole, wazee walikuja kwangu na ile jezi, imekatwa na mikasi ya hospitali. Walikuwa bado hawana hakika. Ilikuwa inanuka, nao hawakujua inanuka nini, basi wakamletea mtu aliyesoma. Niliipokea. Nikainusa. Ilikuwa harufu ya mafuta makali ya kuchulia misuli, ya kopo jekundu aliloniachia Bruda, ambalo nilikuwa nalo peke yangu kijijini. Nilimchua Halidi kwa mkono huu.

Nikasema, "Harufu hii siijui."

Kama ningesema naijua, wangeuliza kingine ninachokijua.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua siku tatu. Laure anauliza historia ya klabu imefika wapi. Nikamwambia mwaka 1986. "Papa," akasema, "tangu wiki tano iko 1986 tu."

Alhamisi, 25 Aprili

Daraja la njia ya Lemera limekwenda na mto. Pikipiki hazipandi tena hadi juu. Maji yako mwanzo wa mchirizi wa tatu. Laure alipita makaburini: mstari wa kwanza wa misalaba umesimama ndani ya ziwa. Kaburi la mume wa Marie-Rose liko mstari wa tatu.

Nilimuuliza kama kuna habari kutoka juu. Alijibu kwamba namba ya Nicole anayo, na kwamba anayetaka habari anaweza kupiga mwenyewe.

Jumatano, 1 Mei

Hakuna.

Jumamosi, 4 Mei

Asubuhi Nicole alimtumia Laure ujumbe: mama hanywi tena hata maji. Laure alinisomea, akaiweka simu juu ya daftari hili, akaenda sokoni bila kuniaga.

Nilimpigia Ibrahim. Alifika akidhani ninakufa, amekuja na kijana wa kunibeba. Nikaomba kijana angoje nje. Nikamwambia yote, kwa mpangilio, kama mtu anayefundisha somo: kitabu, Jumatano, neno "sasa", mikono, kopo jekundu. Nilishangaa jinsi yalivyo mafupi. Miaka thelathini na saba, na yalikwisha kabla chai yake haijapoa.

Alivua kofia yake, akaiweka juu ya goti.

"Ulimwambia atoe mikono?"

"Hapana."

"Ulimwona asubuhi ile."

"Nilimchua bega."

Nje watoto walikuwa wakichota maji yaliyoingia uani, wakicheka. Nikasubiri anipige, nadhani nilitamani anipige. Aliivaa kofia yake polepole.

"Minye nilibeba moto siku ile," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na sita. Minye ndiye nilishika mukuti wa kwanza wa kuwasha nyumba."

Hilo sikulijua. Akasimama. Mlangoni aligeuka.

"Na kila Idi umekula pilau ya mama yangu."

Hakunipa mkono. Uani alimsimamisha Laure aliyekuwa akirudi, akamwambia ampigie Nicole: mama aje, kama yu hai aje, na vijana wa klabu watampokea pale njia ilipokatika na kumbeba kwa machela. Laure alipiga hadi jua likazama. Lemera hakukuwa na mtandao.

Jumatatu, 6 Mei

Wanane wa mele wamepanda leo na machela, akiwamo yule anayevaa kumi na sita. Ibrahim aliwachagua kwa sababu wamezoea kubeba pamoja.

Jumatano, 8 Mei

Hakuna habari. Mchirizi wa tatu umezama. Laure anasema makaburini umebaki msalaba mmoja, na si wa mume wa Marie-Rose.

Alhamisi, 9 Mei

Wamerudi, machela matupu. Alifariki Jumapili alfajiri. Taarifa kwamba Laure alipiga ilimfikia Nicole adhuhuri ya siku hiyo, na alipojaribu kurudisha simu mtandao ulikuwa umekatika tena. Alizikwa Jumatatu, vijana walifika Jumanne, wakasaidia kupanga mawe juu ya kaburi. Nicole ameteremka nao.

Jumamosi, 11 Mei

Ibrahim alitaka niseme mbele ya chifu na wachezaji. Siwezi kutembea, hivyo wanane wakaja na machela yale yale, wakanibeba hadi uani kwake. Walikwenda kwa hatua moja, vizuri sana, Bruda angewasifu.

Nilisema. Chifu alitazama chini. Mzee mmoja akaguna kwamba mwenye kufa hapaswi kujitwika mizigo ya zamani, na Ibrahim akamwomba anyamaze. Kikombe kilikuwa mezani. Alikishusha kutoka rafu, na vumbi lake hakulifuta.

Nicole alikuwa amesimama karibu na ukuta. Aliniuliza jambo moja.

"Harufu ilikuwa ya nini?"

Nikamwambia: mafuta yangu ya kuchulia.

Akaitikia kwa kichwa, si kama mtu anayepata habari. "Mama alijua," akasema. "Jezi yako, namba moja, ilikuwa inanuka vile kila wiki. Yeye ndiye alikuwa anaifua."

Ibrahim akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwa nini basi mama yake hakusema.

"Alisema," Nicole akajibu. "Mulikuwa munavunja mulango."

Ibrahim alimwomba msamaha, akapiga magoti, mtu wa umri wake. Akamwambia kiwanja cha mama yake atarudishiwa. Nicole alimjibu kwamba amekwisha kukitazama asubuhi. Kuna maji na mtumbwi umefungwa hapo. Akachukua kitambaa chake, akamshukuru Laure kwa chakula, akaondoka apande kabla ya mvua. Mimi hakuniaga.

Waliponirudisha, yule wa kumi na sita aliuliza wenzake kama mwezi wa Juni itashonwa namba mbili. Mmoja akamwambia, weye unataka kuivaa?

Jumapili, 12 Mei

Nimeshindwa kukaa, naandika nimelala. Ibrahim amemtuma mtu kuchukua daftari: kurasa za nyuma na za mbele, zote zichapwe pamoja, zisikatwe. Nimeomba saa moja.

Laure aliniletea rejista ya mwaka 1987 kutoka sandukuni. Nimekata maneno "Halidi aliteleza", nikaandika juu yake "nilimwachia", nikatia sahihi na tarehe ya leo.

Limebaki la daftari hili. Tarehe 23 Machi niliandika kwamba nyumba ya Marie-Rose ilipochomwa nilikuwa nyumbani na homa. Si kweli. Nilikuwa uani kwake, nyuma ya Jean-Marie, nimevaa koti la msibani. Mlango ulikuwa umekwisha kuvunjwa na yeye amesimama pale ulipokuwa, Nicole ameshika kitenge chake. Wenye moto sikuwaangalia nyuso, wala yeye hakuwatazama. Alitafuta katika kundi mpaka akaniona, na akasema neno, si kwa kelele, kama alivyozoea kutukabidhi jezi.

"Mwalimu, waambie."

Nilimsikia vizuri. Niligeuka, nikaenda nyumbani. Homa niliipata huko.